Dawa za kuzuia kuganda kwa damu

Dawa za kuzuia kuganda kwa damu (pia: antikoagulanti) ni kundi la dawa zinazopunguza uwezo wa damu kufanya madonge ndani ya mishipa au ndani ya moyo. Zinazotumika zaidi ni heparini, warfarini na dawa mpya zaidi kama vile dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani.

Mara nyingi watu huziita "dawa za kuifanya damu iwe nyepesi". Jina hilo linapotosha, kwa sababu dawa hizi hazipunguzi uzito wa damu, wala haziyeyushi donge lililokwisha kuganda. Kazi yake ni kuchelewesha au kukata mfululizo wa mabadiliko ya kikemia ambao mwisho wake ni damu kuganda. Donge la zamani huyeyushwa polepole na mwili wenyewe, huku dawa ikizuia lisikue na jingine lisianze.

Dawa hizi huokoa maisha, lakini dozi inayofaa na dozi ya hatari hukaribiana. Ikipungua, donge huweza kuziba mshipa wa ubongo au wa mapafu; ikizidi, mgonjwa huweza kuvuja damu hadi kufa. Kwa hiyo kwa anayetumia warfarini, kupimwa damu mara kwa mara ni sehemu ya tiba sawa na kumeza kidonge.

Jinsi damu inavyoganda

Kuganda kwa damu ni kinga ya mwili dhidi ya kupoteza damu kupitia jeraha. Kazi hiyo hufanyika kwa hatua tatu zinazopishana.

Kwanza, mshipa uliokatika hujikunja ili damu ipite kidogo. Pili, chembe sahani za damu (pletileti) hunata kwenye ukingo wa jeraha na kushikamana zenyewe kwa zenyewe, zikafanya kizibo cha muda. Tatu, protini zilizomo katika majimaji ya damu (plazma) huamshana moja baada ya nyingine hadi kutengeneza nyuzi zinazokaza kizibo hicho.

Protini hizo huitwa vigandishi. Nyingi hutambulishwa kwa namba za Kirumi kutoka I hadi XIII, na karibu zote hutengenezwa katika ini. Katika damu ya mtu mzima huzunguka zikiwa zimelala. Jeraha linapotokea, kigandishi kimoja huamsha cha pili, cha pili huamsha cha tatu, na kila hatua huzalisha vimeng'enya vingi kuliko hatua iliyotangulia.

Mwishoni, kigandishi namba X kilichoamshwa hubadili protrombini (namba II) kuwa trombini. Trombini ndiyo kiini cha kazi yote: hubadili fibrinojeni, ambayo huyeyuka katika damu, kuwa fibrini, ambayo haiyeyuki. Nyuzi za fibrini hujisuka kama wavu, zikanasa chembe sahani na seli nyekundu, na donge likakamilika. Hatua kadhaa kati ya hizi huhitaji madini ya kalisi.

Mwili una pia breki zake. Protini iitwayo antitrombini huzima trombini na kigandishi namba X. Protini C na protini S huzima vigandishi vingine. Na kimeng'enya kiitwacho plasmini huyeyusha fibrini jeraha linapopona. Afya ya mtu hutegemea uwiano kati ya vigandishi na breki hizo.

Vitamini K

Ili ini likamilishe vigandishi namba II, VII, IX na X, pamoja na protini C na S, huhitaji vitamini K. Bila vitamini hiyo protini hizo hutengenezwa zikiwa na kasoro, nazo haziwezi kushika kalisi wala kufanya kazi.

Vitamini K iligunduliwa na mwanasayansi wa Denmark Henrik Dam, na herufi K imetokana na neno la lugha yake lenye maana ya kuganda. Dam na Mmarekani Edward Doisy walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1943 kwa kazi hiyo. Watoto wachanga huzaliwa wakiwa na vitamini K kidogo sana, ndiyo maana hupendekezwa wapewe sindano yake mara baada ya kuzaliwa.

Aina za dawa na jinsi zinavyofanya kazi

Heparini hupewa kwa sindano, kwa kuwa haifanyi kazi ikimezwa. Hujishika kwenye antitrombini na kuongeza kasi yake mara nyingi sana, hivyo trombini na kigandishi namba X huzimwa mara moja. Ikiingizwa katika mshipa huanza kazi papo hapo. Heparini zenye molekuli ndogo, kama enoksaparini, huchomwa chini ya ngozi, kwa kawaida tumboni, mara moja au mbili kwa siku. Kinachoondoa nguvu ya heparini ni protamini.

Warfarini humezwa. Haizimi kigandishi chochote kilichokwisha kutengenezwa. Huzuia kimeng'enya cha ini kinachorudisha vitamini K iliyotumika ili itumike tena, na hivyo ini huanza kutoa vigandishi visivyofanya kazi. Vigandishi vya zamani huendelea kuzunguka hadi viishe vyenyewe: namba VII hupungua kwa nusu katika saa 6 hivi, lakini protrombini huchukua siku mbili hadi tatu. Kwa sababu hiyo warfarini hukawia siku kadhaa kabla ya kutoa kinga kamili. Tena, protini C, ambayo ni breki, hupungua mapema kuliko protrombini. Mgonjwa mwenye donge kwa hiyo huanzishwa heparini na warfarini pamoja, na heparini husimamishwa baada ya siku zisizopungua tano, vipimo vikionyesha kwamba warfarini imeshika.

Dawa za moja kwa moja ni kundi jipya la vidonge vinavyozima kigandishi kimoja tu. Dabigatrani huzima trombini. Rivaroksabani, apiksabani na edoksabani huzima kigandishi namba X. Huanza kazi ndani ya saa chache, hazitegemei vitamini K, na hazihitaji kupima damu mara kwa mara kama warfarini. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Nguvu yake huisha haraka pia, kwa hiyo anayeruka dozi hubaki bila kinga mapema kuliko anayetumia warfarini.

Sitrati hutumika nje ya mwili. Hushika kalisi, na damu isiyo na kalisi huru haigandi. Ndiyo iliyomo katika mifuko ya wachangia damu na katika chupa za maabara zinazotumika kupima kuganda kwa damu.

Tofauti na dawa nyingine

Aspirini na klopidogreli huzuia chembe sahani zisishikamane; haziathiri mfululizo wa vigandishi, na haziwezi kuchukua nafasi ya warfarini kwa mwenye valvu bandia ya chuma. Streptokinasi na alteplasi huyeyusha donge lililokwisha kuganda. Hutolewa hospitalini katika saa za mwanzo za baadhi ya mishtuko ya moyo na viharusi.

Historia

Viumbe wanaofyonza damu walikuwa na dawa hizi kabla ya binadamu. Mate ya ruba na ya mbu yana kemikali zinazoizuia damu isigande wakati wa kufyonza. Mwaka 1884 John Berry Haycraft wa Uingereza alionyesha kwamba ruba hutoa kitu cha namna hiyo. Baadaye kiliitwa hirudini.

Heparini iligunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari katika maabara ya William Howell huko Baltimore, Marekani. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la ini, kwa kuwa ilipatikana kwanza katika ini la mbwa. Siku hizi hutolewa hasa katika utumbo wa nguruwe.

Warfarini ilitokana na msiba wa wafugaji. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walitenga kemikali iliyohusika, dikumaroli. Kemikali ya jamii hiyo iliyo na nguvu zaidi ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikaitwa warfarini kwa herufi za kwanza za taasisi iliyogharimia utafiti. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutumika kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya mshtuko wa moyo. Hadi leo baadhi ya sumu za panya ni za jamii ya warfarini, lakini hudumu mwilini muda mrefu zaidi. Mtoto aliyekula sumu hiyo anaweza kuonekana mzima kwa siku moja au mbili kabla ya kuanza kuvuja damu, kwa hiyo anapaswa kupelekwa hospitali bila kusubiri dalili.

Magonjwa yanayotibiwa

Dawa hizi hutolewa hasa kwa:
- donge katika vena za ndani za mguu, na donge lililosafiri na kuziba mshipa wa mapafu;
- mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetema badala ya kusukuma, damu ikatuama na kuganda;
- valvu bandia za chuma katika moyo;
- kuwakinga wagonjwa waliolala muda mrefu au waliofanyiwa upasuaji mkubwa;
- mashine ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo.

Kiharusi hakitibiwi kwa dawa hizi kabla ya picha ya ubongo kupigwa. Viharusi vingine hutokana na mshipa kuziba na vingine na mshipa kupasuka, na dalili za nje zinaweza kufanana. Dawa hizi zikipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, zinaweza kumuua.

Kipimo cha INR

Maabara hupima warfarini kwa kuangalia plazma inachukua sekunde ngapi kuganda baada ya kuongezewa kemikali maalumu. Kwa kuwa kemikali za maabara mbalimbali hazilingani, WHO ilikubali mwaka 1983 namna moja ya kusahihisha jibu, inayojulikana kwa herufi INR. Mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wenye valvu ya chuma upande wa kushoto kati ya vyumba vya juu na chini hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya 2 kinga hupungua haraka. Juu ya 4 hatari ya kuvuja damu huongezeka haraka.

Mwanzoni kipimo hufanywa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na hali ikitulia kila baada ya wiki nne au zaidi. Mashine ndogo zinazotumia tone la damu ya kidole hutoa jibu ndani ya dakika chache.

Kipimo kingine, cha damu kukaa dakika 20 katika chupa safi ya kioo, hutumika vijijini kwa walioumwa na nyoka. Huonyesha kama damu imeshindwa kabisa kuganda, lakini hakiwezi kutumika kupangia dozi ya warfarini.

Hali katika Afrika Mashariki na Kagera

Katika nchi tajiri wengi wanaotumia dawa hizi ni wazee. Katika Afrika Mashariki wengi ni vijana na watu wa makamo, wakiwemo wanawake wa umri wa kuzaa, kwa sababu ya ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo (tonsesi) yasiyotibiwa utotoni, nayo huacha makovu katika valvu za moyo.

Nchini Tanzania upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Mgonjwa aliyewekewa valvu ya chuma hurudi kwao akiwa na wajibu wa kumeza warfarini maisha yake yote.

Ugumu unaofuata unaonekana vizuri katika maeneo yaliyo mbali na miji, kwa mfano Kimuli, kata ya Wilaya ya Kyerwa katika Mkoa wa Kagera. Wilaya hiyo, iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda na Rwanda. Ngazi za huduma za afya huanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Bukoba, halafu hospitali ya kanda kama Bugando jijini Mwanza, ambako mtu hufika kwa barabara au kwa meli kuvuka Ziwa Viktoria. Zahanati kwa kawaida haipimi INR. Kidonge chenyewe ni cha bei nafuu. Gharama kubwa ni nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea shambani kwa ajili ya kipimo kimoja. Mgonjwa anayeona mwili hauna tatizo hushawishika kuacha kwenda, naye anaweza kukaa miezi mingi bila kujua damu yake iko wapi.

Utafiti uitwao REMEDY, uliohusisha nchi 12 za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemeni, ulionyesha kwamba chini ya theluthi moja ya wagonjwa wa moyo wa aina hii waliopewa warfarini au dawa za jamii yake walikuwa na INR inayotakiwa.

Ilitarajiwa kwamba dawa za moja kwa moja zingeondoa tatizo hilo. Lakini utafiti wa INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini na kutangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio, waliopewa warfarini na jamii yake walipata viharusi na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani. Kwa wenye valvu za chuma, jaribio la dabigatrani lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa lilileta madonge na kuvuja damu zaidi. Hivyo wagonjwa walio mbali zaidi na maabara ndio hasa ambao bado wanahitaji dawa inayotegemea maabara.

Chakula

Mboga za majani mabichi zina vitamini K kwa wingi: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, sukumawiki na kabichi. Ndizi za kupika, chakula kikuu cha Kagera, zina kiasi kidogo sana, na maharage yana kiasi cha wastani.

Mgonjwa hakatazwi mboga. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu dozi yake imepangwa kufuatana na mlo wake. Aliyekula mboga kila siku wakati wa mvua kisha akazikosa wakati wa kiangazi anaweza kuona INR ikipanda bila kubadili kidonge. Ndivyo ilivyo pia kwa kufunga muda mrefu, kuharisha au kupoteza hamu ya kula. Pombe nyingi kwa mkupuo, ikiwemo rubisi na gongo, huongeza hatari ya kuvuja damu. Unywaji wa kupindukia wa muda mrefu huharibu ini, ambalo ndilo kiwanda cha vigandishi.

Kuingiliana na dawa nyingine

Dawa nyingi zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa muhimu hubadilisha nguvu ya warfarini:
- kotrimoksazoli, metronidazoli na flukonazoli huiongeza, wakati mwingine ndani ya siku chache;
- rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na karbamazepini na fenitoini za kifafa, huipunguza; zikisimamishwa, INR hupanda tena;
- aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huumiza utando wa tumbo na kuzuia chembe sahani, hivyo huleta hatari hata INR ikiwa sawa.

Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa dozi ndogo na siku chache ni salama zaidi. Dawa za asili ambazo viambato vyake havijulikani zinaweza kubadili INR pia. Chale na kuumika (kupiga chuku) huweza kuleta damu isiyokatika, na sindano za msuli huweza kuvujisha damu ndani ya nyama.

Ujauzito

Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma. Inaweza kuharibu maumbile ya mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, na inaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuvuja damu. Heparini haipiti kwenye kondo, lakini huhitaji sindano kila siku na kwa mwenye valvu ya chuma kinga yake ni ndogo kuliko ya warfarini. Mama akiacha dawa zote ili kumlinda mtoto, valvu inaweza kuganda na kumuua mama pamoja na mtoto. Kwa sababu hiyo mwanamke anayetumia warfarini anashauriwa kupanga uzazi na kuonana na daktari kabla ya kushika mimba, au mara tu anapokosa siku zake. Kunyonyesha wakati wa kutumia warfarini hakumdhuru mtoto.

Dalili za hatari

Dalili za kuvuja damu ni fizi au pua kutoa damu isiyokatika, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kutapika damu, mabaka ya bluu yasiyo na sababu na hedhi nzito kupita kawaida. Maumivu makali ya ghafla ya kichwa, au pigo la kichwa kama la kuanguka na bodaboda, huhitaji hospitali hata kama hakuna jeraha la nje.

Dalili za donge ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi ghafla, uso kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au usemi kuharibika. Mwenye valvu ya chuma huzoea kusikia mlio wake mdogo. Mlio huo ukififia au ukipotea, valvu inaweza kuwa imeshikwa na donge.

Warfarini iliyozidi hupunguzwa kwa kuruka dozi kwa agizo la daktari, kwa vitamini K, na katika kuvuja damu kukubwa kwa plazma au vigandishi vilivyotayarishwa.

Matumizi ya kila siku

Kidonge humezwa saa ileile kila siku. Kilichosahauliwa humezwa siku hiyohiyo. Siku ikishapita hakifidiwi kwa kumeza viwili. Rangi za vidonge hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo kinachoangaliwa ni miligramu zilizoandikwa, si rangi. Kabla ya kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji mgonjwa humweleza mhudumu kwamba anatumia dawa hiyo, lakini haachi mwenyewe. Daftari lenye tarehe, INR na dozi husaidia mganga yeyote, hata wa zahanati asiyewahi kumwona mgonjwa huyo, kujua la kufanya.

Tazama pia
- Chembe sahani
- Homa ya baridi yabisi
- Kiharusi
- Vitamini K
- Wilaya ya Kyerwa